Uvimbe wa Seli za Uzazi Unapoota Kifuani

Daktari akimwandikia kijana wa kiume kipimo cha homoni ya mimba, si ajabu fomu ikarudi kutoka maabara na swali: jina halikukosewa? Ndugu waliomsindikiza mgonjwa nao huangaliana. Lakini kwa kijana mwenye uvimbe nyuma ya mfupa wa kidari, ambao hakuna aliyejua umetoka wapi, kipimo hicho kikiambatana na kingine kiitwacho AFP huweza kuwa cha maana kuliko vyote atakavyofanyiwa. Damu kidogo ya mkononi inaweza kueleza kwamba uvimbe ule haukuanzia mapafuni wala kwenye matezi. Umetokana na seli za uzazi, zile zile ambazo kazi yake ni kutengeneza mbegu za kiume na mayai ya kike.

Kwa kawaida uvimbe wa aina hii huota kwenye korodani au ovari. Unaozuka nje ya viungo hivyo ni nadra: kwa watu wazima ni kati ya asilimia 2 na 5 ya uvimbe wote wa seli za uzazi. Unadra huo ndio unaoleta shida. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kustaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja, na jambo ambalo mtu hajawahi kuliona ni vigumu kulishuku. Hata hivyo saratani hii ni miongoni mwa chache zinazoweza kuponywa kwa dawa hata baada ya kusambaa mwilini. Mgonjwa anayecheleweshwa hupoteza nafasi ambayo wagonjwa wa saratani nyingi nyingine hawapewi kabisa.

Seli zilizobaki njiani

Wiki ya nne hivi tangu mimba kutungwa, korodani na ovari za mtoto bado hazijaumbika. Seli za kwanza za uzazi zipo, ila zimekaa pembeni, kwenye ukuta wa kifuko cha kiini. Kutoka huko husafiri zikipitia ukuta wa utumbo hadi kwenye matuta mawili yaliyo kando ya uti wa mgongo, ambayo baadaye hugeuka kuwa korodani au ovari. Kufikia wiki ya sita safari huwa karibu imekwisha.

Zipo zisizofika. Kama abiria walioshuka kituo kisicho chao, hubaki mahali fulani kwenye mstari wa katikati ya mwili. Nyingi hufa. Maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi ni kwamba chache zinazosalimika hukaa kimya kwa miaka, kisha huanza kugawanyika bila mpangilio. Ndiyo maana uvimbe huu hupenda sehemu nne: katikati ya ubongo, katikati ya kifua mbele ya moyo, nyuma ya tumbo karibu na uti wa mgongo, na kwenye kifandugu. Kwa watu wazima kifua ndicho kinachoongoza, kikifuatiwa na nyuma ya tumbo. Kwa watoto wachanga, kifandugu.

Uvimbe wa kifuani ulio wa saratani huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 20 na 40. Wanawake nao huupata, ila mara chache. Wanaume waliozaliwa na kromosomu X ya ziada, hali inayoitwa sindromu ya Klinefelter, wana hatari kubwa kuliko wengine ya kupata uvimbe huu kifuani, tena mapema, hata katika umri wa balehe. Wengi wao hawajui kwamba wana hali hiyo hadi watafute mtoto na kumkosa. Kijana mrefu mwenye korodani ndogo na matiti yaliyovimba, akikutwa na uvimbe kifuani, anastahili kupimwa kromosomu pia.

Kwa kuwa ugonjwa huu unatajwa pamoja na viungo vya siri, wapo vijana wanaoona haya kuueleza, na wapo ndugu wanaotafuta wa kulaumiwa. Ieleweke wazi: hauambukizwi, si ugonjwa wa zinaa, hauletwi na kujichua wala na kukaa muda mrefu bila mwenza, na hakuna aliyerogwa.

Dalili hufuata mahali

Uvimbe wa kifuani huweza kukua hadi kufikia sentimita 10 au zaidi kabla mwenyewe hajahisi kitu. Ukianza kubana, mgonjwa hukohoa, hupumua kwa shida hasa akilala chali, na huhisi uzito nyuma ya mfupa wa kidari. Ukiubana mshipa mkuu unaorudisha damu ya kichwani kwenye moyo, uso huvimba asubuhi, mishipa ya shingo hutuna na macho huwa mekundu. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Dalili nyingine ambayo wanaume huificha ni matiti kuvimba na kuuma, kwa sababu baadhi ya uvimbe huu humwaga homoni ya mimba kwenye damu.

Ulio nyuma ya tumbo huleta maumivu ya mgongo yasiyosikia dawa, tumbo kujaa, miguu kuvimba, au figo kuziba kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa. Wengi hutibiwa mgongo kwa miezi kadhaa, na dawa za maumivu hubadilishwa moja baada ya nyingine, kabla mtu hajafikiria kulipiga picha tumbo lenyewe.

Wa kwenye ubongo huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 20. Hapa dalili moja huwachanganya wazazi: mtoto hunywa maji mfululizo na kukojoa usiku kucha kana kwamba ana kisukari, lakini sukari yake ni ya kawaida. Mfumo wa ubongo unaoamrisha figo kuhifadhi maji ndio ulioguswa. Wengine huumwa kichwa na kutapika asubuhi, huona vitu viwili viwili au hushindwa kuinua macho kutazama juu. Mvulana anayebalehe akiwa na miaka saba au minane, au binti ambaye ukuaji wake umesimama ghafla, anahitaji daktari wa homoni na picha ya ubongo.

Damu kabla ya kisu

Katika Afrika Mashariki kijana anayekohoa, aliyepungua uzito na anayetokwa jasho usiku hushukiwa kifua kikuu kwanza, na ni haki, kwani kifua kikuu kimeenea. Tatizo huanza pale makohozi yanaporudi bila vimelea, kipimo cha GeneXpert kikasema hasi, na bado mgonjwa akawekwa kwenye dawa za miezi sita kwa kutegemea kivuli cha eksirei peke yake. Wanaotibiwa kifua kikuu wasiache dawa kwa uamuzi wao. Wanachoweza kufanya ni kumrudia daktari na kuuliza maswali mawili: je, kuna kipimo kilichothibitisha vimelea? Na je, kivuli hiki kiko pafuni au kiko katikati ya kifua? Kama hakuna uthibitisho na kivuli kiko katikati, wakati wa kuomba CT skani na vipimo vya damu ni sasa, wala si baada ya dozi kwisha.

Katikati ya kifua kuna uwezekano mwingi. Kuna limfoma, ambayo ni saratani ya matezi, kuna uvimbe wa tezi thaimasi, kuna goita iliyoshuka, na kuna huu wa seli za uzazi. Kila mmoja una njia yake. Limfoma hutibiwa kwa dawa, uvimbe wa thaimasi kwa kawaida huanza na upasuaji, na saratani ya seli za uzazi huanza na dawa ndipo upasuaji ufuate. Ukikosea mpangilio, mgonjwa hufunguliwa kifua bure, anakaa wiki kadhaa akiuguza kidonda, na saratani inaendelea kukua. Vilevile si vyema mgonjwa kuanzishiwa prednisoloni ya kupunguza uvimbe kabla kinyama cha uvimbe hakijachukuliwa kupimwa, maana ikiwa ni limfoma, dawa hiyo inaweza kuisinyaza kwa muda na kuficha utambulisho wake.

Hapo ndipo damu inapofanya kazi yake. Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu: AFP, hCG na LDH. Viwili vya kwanza ndivyo vyenye kauli. AFP ni protini ambayo kiinitete hutengeneza kwenye kifuko cha kiini na kwenye ini. hCG ndiyo homoni ya mimba. Mwanamume mwenye afya hana sababu ya kuwa na kiasi kikubwa cha chochote kati ya hivyo. Kijana mwenye uvimbe wa katikati ya kifua ambaye AFP au hCG yake imepanda sana, picha yake inakuwa karibu imekamilika, na pale hali inapokuwa mbaya madaktari huweza kuanza tiba kwa ushahidi huo hata kabla majibu ya kinyama hayajatoka. Kwa uvimbe wa ubongo, ambako kuchukua kinyama kuna hatari zake, hupimwa damu pamoja na maji ya uti wa mgongo, na majibu yakiwa wazi upasuaji huo unaweza kuepukwa.

Majibu hayo yana mitego yake. AFP hupanda pia kwenye saratani ya ini, na katika ukanda huu wenye homa ya ini aina ya B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga, saratani ya ini si ngeni. Mtoto mchanga huzaliwa na AFP ya juu sana ambayo hushuka polepole katika mwaka wake wa kwanza, kwa hiyo namba yake isomwe kwa jedwali la umri. Mwanamke lazima aondolewe uwezekano wa mimba. Na majibu ya kawaida hayamaanishi hakuna saratani. Seminoma, aina inayosikia tiba kuliko zote, haitoi AFP kabisa, na teratoma iliyokomaa, aina nyingine ya uvimbe huu, haitoi alama yoyote kwenye damu. Kijiti cha kupima mimba kutoka duka la dawa nacho hakitoshi. Kinaweza kubadilika rangi kwa mwanamume mwenye ugonjwa huu, lakini kisipobadilika hakithibitishi kitu, na hakitoi namba ambazo daktari atazihitaji baadaye.

Jambo la pili la kuomba ni altrasaundi ya korodani, hata kama mgonjwa anasema hana maumivu na hajagusa kivimbe chochote. Uvimbe mwingi unaokutwa nyuma ya tumbo kwa kweli ulianzia kwenye korodani. Wakati mwingine ule wa mwanzo hujifia wenyewe na kuacha kovu dogo ambalo vidole havilioni. Korodani yenye kovu la namna hiyo huondolewa, kwa sababu dawa hazifiki humo vizuri na mabaki yanaweza kuamka.

Kinyama kikichukuliwa, familia iombe nakala ya ripoti na ihakikishe kwamba vipande vilivyotengenezwa maabara vimetunzwa. Uvimbe huu ni nadra kiasi kwamba ni busara mtaalamu wa pili wa patholojia kuvitazama. Hospitali zenye wataalamu wa saratani, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza, Kenyatta jijini Nairobi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, Taasisi ya Saratani ya Uganda jijini Kampala au Butaro nchini Rwanda, hupokea wagonjwa wa rufaa. Mgonjwa anayefika na ripoti, vipande na picha zake mkononi hawezi kupigwa danadana kirahisi.

Miaka minne iliyobadilisha tiba

Mnamo Novemba 1969, Brian Piccolo, mchezaji wa timu ya Chicago Bears katika mpira wa miguu wa Kimarekani, alijitoa uwanjani mjini Atlanta kwa sababu pumzi zilikuwa zinamkatikia. Alikuwa kijana wa miaka 26. Madaktari walimkuta na uvimbe mkubwa kifuani, na seli zake zilikuwa za saratani ya kiinitete, mojawapo ya aina za saratani ya seli za uzazi. Alipasuliwa jijini New York mwezi huo huo, akapewa dawa zilizokuwapo, akapasuliwa tena miezi michache baadaye. Alifariki dunia Juni 16, 1970.

Wakati Piccolo anafariki, dawa ambayo ingebadilisha hatima ya wagonjwa kama yeye ilikuwa tayari imegunduliwa, ila haijafika vitandani. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mwanafizikia Barnett Rosenberg alikuwa akichunguza athari ya umeme kwa bakteria akitumia vyuma vya platini. Aliona bakteria wameacha kugawanyika na wamerefuka kama nyuzi. Haikuwa kazi ya umeme; mchanganyiko wa platini uliotoka kwenye vyuma ndio uliozuia seli kugawanyika. Kutokana na hapo ikapatikana sisplatini. Mwaka 1974 Lawrence Einhorn wa Chuo Kikuu cha Indiana aliichanganya na dawa nyingine mbili, vinblastini na bleomaisini, kwa wagonjwa wa saratani ya korodani iliyosambaa. Matokeo aliyochapisha mwaka 1977 yaliwashangaza madaktari: saratani iliyokuwa ikiwaua wengi ilitoweka kabisa kwa wagonjwa wengi wa kundi lake. Mwaka 1987 vinblastini ilipisha etoposaidi, na mchanganyiko huo, unaofupishwa BEP, ndio unaotumika hadi leo.

Chuo hicho cha Indiana kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret kwa zaidi ya miaka 30, na ushirikiano huo, AMPATH, unahudumia pia wagonjwa wa saratani magharibi mwa Kenya. Dawa zote tatu za BEP zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na si dawa mpya za bei ya kutisha. Katika nchi nyingi za ukanda huu kinachowaangusha wagonjwa ni kuchelewa kufika na kukatiza mizunguko.

Mizunguko mitatu au minne

Mzunguko mmoja wa BEP huchukua siku 21. Sisplatini na etoposaidi hutolewa kwa dripu siku tano za mwanzo, na bleomaisini mara moja kwa wiki. Wenye hali nyepesi hupewa mizunguko mitatu. Uvimbe wa kifuani usio seminoma huhesabiwa moja kwa moja kuwa wa hali ngumu, hata kama haujasambaa popote, na hutibiwa kwa mizunguko minne. Kwa kuwa bleomaisini huweza kuumiza mapafu na wagonjwa hawa mara nyingi wanangojewa na upasuaji mkubwa wa kifua, wataalamu wengi huchagua mchanganyiko wa VIP, ambao huiondoa bleomaisini na kuweka ifosfamidi.

Ratiba hii haitaki kuchezewa. Mzunguko wa pili uanze siku ya 22, si baada ya mavuno wala baada ya sikukuu. Kwa saratani nyingine daktari huahirisha dawa chembe nyeupe za damu zikishuka. Kwa hii, ikiwa hakuna homa, kwa kawaida tiba husonga mbele, na sindano za kuinua chembe hizo hutumika inapobidi. Familia ijipange mapema kwa nauli, mahali pa kulala karibu na hospitali, na bima. Mwenye shida ya fedha aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya mzunguko wa kwanza, asisubiri hadi deni liwe limemzuia kupata wa pili.

Kabla ya dripu ya kwanza kuna jambo ambalo daktari mwenye haraka anaweza kulisahau. Dawa hizi hupunguza mbegu za kiume, wakati mwingine moja kwa moja. Kijana anayetarajia kupata watoto aulize kuhusu kuhifadhi mbegu, huduma inayopatikana kwenye baadhi ya kliniki za uzazi za miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam. Kazi hiyo huchukua siku moja au mbili. Wagonjwa wa hali mbaya hawawezi kungoja, lakini wengi wanaweza.

Tiba ikianza, mambo manne yawe wazi kwa kila anayemuuguza:

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kinga ya mwili inakuwa imeshuka, na parasetamoli inaweza kuificha homa huku maambukizi yakienea kwenye damu.

Sisplatini huumiza figo, ndiyo maana hutolewa pamoja na dripu nyingi za maji. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa duka la dawa huongeza madhara hayo, na sindano ya jentamaisini pia. Vivyo hivyo dawa za mitishamba zisizojulikana viambato vyake. Mgonjwa anayezitumia amweleze daktari bila kuficha.

Masikio kuvuma na vidole kufa ganzi viripotiwe mapema, maana madhara hayo yanaweza kudumu.

Aliyepewa bleomaisini aache sigara, aripoti kikohozi kikavu kipya, na miaka yote ijayo amtaarifu mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu hewa ya oksijeni ya kiwango kikubwa inaweza kuyadhuru mapafu yake.

Namba za damu nazo zifuatiliwe na familia yenyewe. AFP inapaswa kupungua kwa nusu kila baada ya siku tano hadi saba, na hCG kila baada ya siku moja au moja na nusu. Tuseme AFP ilikuwa 8,000 siku ya kwanza: baada ya wiki tatu inatarajiwa kuwa kama 1,000 au chini ya hapo. Kupanda kidogo katika siku za mwanzo si ajabu, kwani seli zinazokufa humwaga zilichobeba. Lakini namba inayoshuka kwa kusuasua mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, au inayopanda tena, ijadiliwe mara moja na mtaalamu. Vipimo vifanyike maabara ile ile kila mara, maana maabara hutofautiana kwa vizio na kwa mitambo.

Kinachobaki baada ya dawa

Picha ya mwisho wa tiba mara nyingi huonyesha bado kuna kitu. Kwa seminoma, kilichobaki huwa kovu na kwa kawaida hufuatiliwa tu. Kikizidi sentimita tatu, hospitali zenye PET skani huitumia kukiangalia baada ya wiki sita hadi nane. Kwa aina nyingine za kifuani, masalia yote yanayowezekana hukatwa, kwa sababu yanaweza kuficha saratani hai au teratoma.

Teratoma ni kiumbe cha ajabu. Ndani yake huweza kukutwa nywele, mafuta, gegedu, hata meno, na mara chache sana mgonjwa wa teratoma ya kifuani hukohoa nywele. Teratoma iliyokomaa si saratani, lakini haisikii dawa wala mionzi. Kuna wagonjwa ambao namba zao za damu zimerudi kuwa za kawaida huku uvimbe ukiendelea kukua kwenye picha. Daktari asiyelijua jambo hilo ataongeza dawa. Anayelijua atamwita daktari mpasuaji wa kifua.

Ndugu huuliza swali lile lile: atapona? Jibu linategemea aina na mahali. Uchambuzi wa wagonjwa 635 wa hospitali za Ulaya na Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa wenye seminoma nje ya korodani, asilimia 88 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa wasio seminoma, wa nyuma ya tumbo walikuwa asilimia 62, na wa kifuani asilimia 45. Tangu hapo hali imeboreka: kundi zima la wagonjwa wa hali ngumu, wakiwamo hao wa kifuani, lilikuwa na asilimia 48 katika takwimu za kimataifa za mwaka 1997, na asilimia 67 katika zile za mwaka 2021. Uvimbe wa ubongo wa aina ya jeminoma hupona kwa mionzi kwa zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi.

Mtoto aliyezaliwa na uvimbe kifanduguni

Kwa kichanga mambo ni tofauti. Teratoma ya kifandugu hutokea kwa mtoto mmoja hivi kati ya 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa hai, na wasichana ni mara tatu au nne ya wavulana. Nyingine huning'inia nje, kubwa kama kichwa cha mtoto mwenyewe. Nyingine hujificha ndani ya nyonga na hugundulika mtoto anapofunga choo au mkojo. Altrasaundi ya ujauzito inaweza kuiona mapema, na ikiwa kubwa, mama apelekwe kujifungulia kwenye hospitali yenye upasuaji wa watoto, kwa sababu inaweza kupasuka na kutoa damu wakati wa kuzaa.

Nyingi huwa si saratani mtoto anapozaliwa, lakini hatari huongezeka kadiri miezi inavyopita. Wazazi wanaoshauriwa kungoja mtoto akue kwanza watafute ushauri wa pili upesi. Wakati wa upasuaji, mfupa wa kifandugu lazima utolewe pamoja na uvimbe. Tangu mwaka 1951 inajulikana kwamba ukiachwa, uvimbe hurudi kwa zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla na baada: mfupa umetolewa? Kisha AFP hupimwa na mtoto huchunguzwa kila miezi michache kwa angalau miaka mitatu.

Kwa mtu mzima aliyemaliza tiba, miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa kwa karibu zaidi, kwani marejeo mengi hutokea humo. Kliniki humwona kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa damu na picha, kisha nafasi huongezwa. Aliyekuwa na uvimbe wa kifuani usio seminoma afuatiliwe pia picha kamili ya damu, kwa sababu kundi hilo dogo lina hatari ya kupata saratani ya damu, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Michubuko inayotokea bila sababu, fizi kutoka damu au uchovu usioisha visingoje tarehe ya kliniki. Jalada la mgonjwa, lenye aina ya uvimbe, namba za AFP na hCG za kila mzunguko, majina na dozi za dawa alizopewa na ripoti ya upasuaji, likae nyumbani kwake pia, si hospitali peke yake, ili daktari yeyote atakayekutana naye Tabora, Kisumu au Bukavu aanze alipoishia mwenzake.